Vigingi vya Mianzi Kando ya Ziwa Masoko

Hema tulilokodi Mbeya lilikuja na vigingi vinne. Linahitaji kumi na viwili. Niligundua hilo Ijumaa saa kumi jioni, mizigo ikiwa imeshashushwa kwenye majani kando ya Ziwa Masoko, upepo unaanza kupanda kutoka mabonde ya Kyela, na wanangu wawili wanagombea nani atalala upande wa mlango.

Baba Mkubwa hakusema neno. Alitoa panga kwenye mfuko wake, akaongea na mlinzi wa kambi kwa Kinyakyusa, wakaamkiana kwa kirefu kama watu wanaotafutana ukoo, kisha akapotea nyuma ya migomba. Aliporudi alikuwa na mianzi miwili begani. Akakaa juu ya jiwe, akaanza kukata na kuchonga ncha, kimoja kimoja, bila haraka, mpaka vikatimia vinane. Kila kimoja alikikata juu kidogo ya fundo, ili kamba ikikazwa isichomoke. Mwanangu wa kiume, mwenye miaka saba, alisogea akakaa karibu naye na ule ugomvi wa mlango ukaishia hapo.

Wiki mbili kabla, nilipompigia simu Baba Mkubwa kumwomba atusindikize, alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Mwanangu, yaani mnalipa ili mlale nje?" Alitaka kujua kweli. Ana miaka sabini na minne, na katika ujana wake amelala nje siku nyingi kuliko nitakazowahi kulala mimi, tena hakuna aliyemtoza hata senti. Nilimjibu kwamba watoto wanataka kuona ziwa. Lilikuwa jibu la kukwepa, na tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jibu lenyewe. Ndiyo maana ninaandika.

Tunaishi Mbeya mjini. Umeme ukikatika usiku, binti yangu wa miaka kumi na moja hupiga ukelele kabla hajajua anapiga, na mdogo wake hunikimbilia na kuninasa mguuni. Tochi ya simu ikiwaka wanatulia. Nililiona hili mara nyingi bila kulifikiria, mpaka usiku mmoja nikajiuliza watoto hawa lini waliwahi kukaa gizani zaidi ya dakika moja. Sikukumbuka hata siku moja. Nje ya dirisha letu kuna taa ya jirani, mbele yake kuna taa ya duka, na mbele zaidi barabara kuu na malori yake usiku kucha. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kuuona usiku wenyewe.

Nane Nane ya 2025 iliangukia Ijumaa. Watu wa Mbeya walikuwa wakielekea viwanja vya John Mwakangale kuangalia mbegu, ng'ombe na matrekta, na sisi tukaelekea upande mwingine.

Mtu wa Mbeya akitaka ziwa ana mahali pa kuchagua. Lililo karibu zaidi ni Ngosi, lile la juu ya milima ya Uporoto, ambalo njia yake inaanzia Isongole. Nimepanda mara mbili na nitapanda tena, lakini ukingo wake uko juu sana, Agosti baridi yake inaingia kwenye mifupa, na mteremko wa kulifikia lenyewe ni wa kushikilia mizizi. Sikuwa tayari kumpitisha huko mzee wa miaka sabini na minne na mtoto wa miaka saba wenye mablanketi. Matema ina mchanga na Ziwa Nyasa lote mbele yako, ila kwa siku tatu safari inakula nusu ya muda. Masoko, ambayo wengine wanaiita Kisiba, iko katikati. Unashuka Tukuyu, kama kilomita 70 kutoka mjini, halafu unaongeza kama 15 kuelekea kusini mashariki.

Ya njiani nitayapita haraka. Tulipanda Hiace stendi ya Nane Nane tukiwa tumevaa masweta, Kiwira tukanunua mkungu wa ndizi na maparachichi, Tukuyu tukahamia kwenye Noah ya kukodi kwa sababu ya mizigo. Ukishaiacha Tukuyu barabara inateremka, migomba inanenepa, hewa inabadilika, na kufika Masoko tulikuwa tumevua masweta yote. Ziwa liko mita mia nane na kitu juu ya usawa wa bahari. Sisi tuliozoea baridi ya Mbeya tunaliona joto, na mbu nao wako, kwa hiyo usije bila chandarua hata kama hema lako lina wavu.

Sasa ziwa lenyewe. Ni duara, karibu duara kamili, kama limepimwa kwa kamba. Kutoka ukingo mmoja hadi wa pili ni mita 700 hivi. Ukisimama upande huu ukamwita mtu upande wa pili, sauti inafika lakini maneno hayafiki. Kingo zake zimefunikwa na miti na zimepanda kuzunguka maji pande zote, hivyo ukiwa chini hapo dunia nyingine yote inafichika. Halina mto unaotoka. Mvua inanyesha ndani yake, maji ya ardhini yanapita chini kwa chini, na mengine jua linayachukua.

Lilizaliwa kwa mlipuko. Moto wa ardhini ulikutana na maji ya ardhini, mvuke ukapasua udongo na kuacha shimo, na shimo likajaa maji. Watafiti waliochimba tope la chini ya ziwa hili walipata tabaka zinazorudi nyuma miaka 45,000 hivi, majivu ya volkano juu ya chavua ya miti, chavua juu ya majivu, kila enzi imeacha alama yake. Ndiyo maana siwezi kuliita dimbwi, kama alivyoliita kijana mmoja tuliyekutana naye pale. Milima ya kwetu haijazeeka kama inavyoonekana. Rungwe wenye mita 2,961 umekaa kimya, lakini jirani yake Kyejo ulitoa lava karibu mwaka 1800, enzi za mababu wa mababu zetu, na wazee waliusimulia moto ule.

Juu ya ziwa kuna jengo la mawe la Wajerumani. Kikosi chao cha tano cha jeshi la kikoloni kilikuwa na makao hapa mpaka Waingereza walipoingia mwaka 1916, na baadaye jengo likatumika kama mahakama. Watu wa hapa wanasema Wajerumani walipoona vita vimewashinda walitupa hela zao ziwani. Wavulana wawili walitaka kutuuzia sarafu moja yenye kutu. Sikununua. Binti yangu aliishika muda mrefu mkononi, akaitazama upande huu na upande huu, akairudisha kwa mikono miwili.

Kwa hiyo hema lilisimama, kwa vigingi vinne vya chuma na vinane vya mianzi, na jua lilizama kabla sijamaliza kumenya ndizi. Tulipika mbalaga kwa kuni juu ya mafiga matatu, pembeni maharage niliyokuwa nimeyachemsha nyumbani ili kuokoa muda. Shauri langu kwa anayekwenda mara ya kwanza ni hilo: kila kinachochelewa kuiva kichemshe kwako. Usiku wa kwanza kambini giza huingia kabla ya chakula, na watoto wenye njaa hawana hamu ya mandhari.

Baba Mkubwa alikataa hema. Alifunga chandarua chake kwenye tawi, akatandika mkeka chini yake, akajifunika blanketi mbili. "Humo ndani," alisema, "utasikia kitu lakini hutakiona." Watoto walitaka kwenda kulala naye, nikawakatalia, na sasa najuta kidogo.

Usiku ule wa Ijumaa haukuwa mzuri, na nitausema kama ulivyokuwa. Upande wa pili wa uwanja wa kambi kulikuwa na kundi la vijana waliokuja na gari, spika kubwa na taa ya betri iliyomulika mpaka majini. Muziki uliendelea hadi saa saba za usiku. Mwezi ulikuwa karibu mpevu, ziwa zima liling'aa kama bati jipya, na hakuna aliyeweza kusikia hata chura. Nililala kwa hasira. Mwanangu wa kiume alilala vizuri kwa sababu ile taa ilipenya kwenye kitambaa cha hema, ikamfanya ahisi yuko nyumbani, na hilo lilinikera kuliko muziki.

Asubuhi niliwakuta vijana walewale wameliteremsha gari hadi ukingoni, wanaliosha. Sabuni ya unga, ndoo, povu jeupe linarudi ziwani kwa mkondo. Niliwaendea. Sikugomba, niliwaamkia na wao wakaniamkia vizuri, "Shikamoo mama," nikawauliza kama wanajua maji haya yanatokea wapi kwenda nje. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto. Mmoja akasema, "Si yanaenda mtoni?" Nikamwambia hayaendi mto wowote. Povu hilo likiingia humu halisafiri kwenda kwa wengine, linabaki humuhumu na samaki wale wale. Walilivuta gari juu. Nawashukuru kwa hilo, walikuwa vijana wasikivu, hakuna mtu aliyewahi kuwaambia tu.

Naliandika hili kwa uchungu kwa sababu nimeona maziwa madogo ya kwetu yanavyochukuliwa kama beseni. Ukienda, chota maji kwa ndoo, panda nayo juu mbali na ukingo, oshea vyombo huko na mwaga kwenye majani. Mabaki ya chakula zika au rudi nayo. Chupa za plastiki ulizokuja nazo zikiwa zimejaa zitakuwa nyepesi zaidi kurudi nazo tupu. Sisi tuliokota mfuko mmoja mzima wa chupa zisizo zetu, na mlinzi wa kambi akatuletea maziwa mgando kwa ajili ya hilo. Baba Mkubwa akampokea, "Ndaga fijo," yaani asante sana, na watoto wakalirudia neno hilo siku nzima.

Asubuhi ile ya Jumamosi ndiyo nilikutana na samaki ninaowafikiria mpaka leo.

Kulikuwa na mvulana wa kijijini anavua kwa ndoano na kijiti, chambo chake ni minyoo. Alikuwa na samaki wanne kwenye kopo, kila mmoja urefu wa kidole. Mmoja alikuwa wa njano, njano ya ua la alizeti, na mstari mweusi umepita jichoni, na kwenye pezi la chini karibu na mkia alikuwa na vidoa vya rangi ya chungwa vilivyopangwa kama vimewekwa kwa ncha ya kalamu. Binti yangu aliuliza, "Hawa ni perege watoto?" Mvulana akacheka, akasema hapana, hawa ndio wakubwa, hawakui zaidi ya hapo.

Nilimweleza binti yangu niliyokuwa nimeyasoma kabla ya kuja, na nayaandika hapa kwa sababu watu wengi wa Mbeya hawajui kitu hiki kiko kwao. Samaki huyo ni wa ukoo mmoja na perege, kitaalamu anaitwa Astatotilapia calliptera, na jamaa zake wako mto Mbaka ulio karibu na katika Ziwa Nyasa. Jike lake hulea mdomoni: hutaga mayai, huyaokota kwa mdomo, na hubeba vifaranga humo mpaka waweze kujitegemea. Lakini kilichowaleta wanasayansi Masoko ni kwamba humu ndani samaki huyu anagawanyika. Madume wanaoishi kwenye maji ya kina kifupi karibu na ukingo ni wa njano. Madume wanaoishi chini, kuanzia kama mita 20 kushuka, ni wa bluu. Wametofautiana rangi, umbo la mwili, chakula, hata meno na taya.

Mwaka 2015 utafiti wao ulichapishwa katika jarida la Science, na miongoni mwa waandishi alikuwamo mtafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Walisoma jeni zote za samaki 146 wakakuta sehemu 98 ambazo samaki wa juu na wa chini wameachana waziwazi. Na katika sehemu hizo zimo jeni zinazohusika na macho, hasa kuona kwenye mwanga hafifu. Samaki wa chini anaishi mahali ambapo mchana wa saa sita ni kama magharibi. Kilichomtenga na ndugu yake wa juu, pamoja na mengine, ni kujifunza giza.

Fikiria ukubwa wa jambo hili. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa ukoo huu, na wataalamu wamekuwa wakijiuliza walitokeaje wote. Hapa Masoko, kwenye duara la mita 700 ambalo mtu mzima analizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa vizuri, jambo lenyewe linaendelea mbele yetu, bado halijakamilika. Samaki mmoja anakuwa wawili. Na povu la sabuni ya unga linaelea juu yao.

Binti yangu alikaa kimya, halafu akauliza kama yule wa bluu akiletwa juu ataona vizuri. Sikuwa na jibu. Akaomba wamrudishe yule wa njano majini. Mvulana alitutazama kama watu wasiojua thamani ya kitoweo, na ni haki yake, kwao hicho ni chakula. Tukamnunua na kumwachia aende.

Vijana wa spika waliondoka Jumamosi saa nane mchana. Tulibaki sisi, mlinzi na ziwa.

Jioni ilipofika nilizima simu. Nilimwomba na Baba Mkubwa asiwashe taa ya chemli. Moto wa kupikia tuliuacha ufe taratibu mpaka makaa, kisha tukasogea mbali nao tukakaa kwenye majani tukilitazama ziwa. Mwezi ulikuwa mpevu kabisa siku hiyo, lakini mwezi mpevu huchomoza karibu na wakati jua linapozama, na Masoko ina ukingo mrefu wenye miti, kwa hiyo kuna muda mrefu baada ya jua kutua ambapo mwezi haujaweza kuuruka ukingo. Nilikuwa nimeupangia muda huo tangu nyumbani.

Dakika za kwanza zilikuwa ngumu. Mdogo alininasa mkono, akauliza tena na tena kama tochi iko wapi. Nikamwambia iko mfukoni na itabaki mfukoni. Binti alisema haoni kitu. "Hata mkono wangu sioni." Nikamwambia asubiri.

Baba Mkubwa ndiye aliyeanza kuongea. Alisema akiwa na umri kama wa mdogo huyu alilala kwenye dungu huko Kyela, yeye na kaka yake, juu ya nguzo nne katikati ya mpunga. Mchana waliwafukuza ndege, usiku walisikiliza nguruwe pori na viboko waliopanda kutoka mtoni. Walikuwa na debe la kupiga na kamba ndefu iliyofungwa makopo mpaka mwisho wa shamba. Moto waliuweka chini, mbali na nguzo, na hawakuutazama. "Ukiutazama moto," alisema, "nguruwe atakula shamba zima mbele yako na hutamwona. Moto unakuibia macho."

Nilishtuka aliposema hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyo kitaalamu. Ndani ya jicho kuna protini iitwayo rodopsini inayotuwezesha kuona kwenye mwanga hafifu. Mwanga mkali huivunja, na ikishavunjika jicho huchukua muda kuijenga upya, dakika 20 hadi 30 kabla macho hayajazoea giza vizuri. Kila unapowasha tochi ya simu unaanza upya. Na katika zile jeni za samaki wa Masoko, rodopsini ni mojawapo. Mzee wa dungu, samaki wa kina kirefu na mwanangu aliyeninasa mkono walikuwa wanashughulika na kitu kilekile.

Baba Mkubwa aliendelea, na mengine nilikuwa nayasikia mara ya kwanza. Alisema baba yake yeye, yaani babu yangu, hakulala kwa wazazi wake baada ya kutimiza miaka kumi hivi. Ndivyo ilivyokuwa kwa Wanyakyusa wa zamani. Wavulana walitoka, wakajenga vibanda vyao wenyewe pembeni ya kijiji, wakalala huko pamoja na wenzao wa rika, na walirudi kwa mama zao kula tu. Baadaye wakioa, pale pale pakawa kijiji chao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliokaa Unyakyusa katika miaka ya 1930, waliliandika jambo hili kwa undani, lakini kulisikia kwa sauti ya mzee gizani ni kitu kingine.

"Na wasichana?" aliuliza binti yangu.

"Wasichana walilala nyumbani, mwanangu."

Akafikiri. "Kwa hiyo mimi ndiye wa kwanza."

Hakuna aliyemjibu, kwa sababu alikuwa sahihi. Bibi yake hakupata usiku kama ule, na mimi mwenyewe niliupata nikiwa na watoto wawili.

Sijui ilikuwa dakika ya ngapi. Mdogo aliuachia mkono wangu. Akanyanyua wake mbele ya uso, akautazama, akausogeza huku na huku. "Mama, vidole vinaonekana." Kisha akauona ukingo wa pili wa ziwa, mstari mweusi juu ya kitu kisicho cheusi sana. Kisha hema letu. Kisha chandarua cha babu yake kikipumua kwa upepo. Alikuwa akivitaja kimoja kimoja kwa sauti ya chini, kama mtu anayehesabu mali yake. Majini kitu kiliruka na kurudi, duara ndogo zikatawanyika, na sote wanne tuliziona bila taa yoyote. Bundi alilia upande wa jengo la Wajerumani. Nilitegemea watashtuka, maana hata wazee wengi kwetu hawampendi bundi. Baba Mkubwa akasema tu, "Huyo naye yuko kazini," na watoto wakakubali hivyo.

Mwezi ulipouruka ukingo, mwanga uliingia ziwani kutoka upande mmoja na kusogea taratibu kuelekea kwetu. Binti yangu alifunika macho kwa kiganja. Alisema ni mkali mno.

Nilikaa pale hata walipokwisha kulala. Nilikuwa nikifikiria lile swali la Baba Mkubwa. Kwa muda mrefu nimesikia watu wa kwetu wakisema kambi na hema ni mambo ya Wazungu, sisi tuna nyumba, kwa nini tukalale porini. Nimewahi kulisema mwenyewe. Lakini babu yangu alikwenda kulala kwenye kibanda alichokijenga kwa mikono yake akiwa mdogo kuliko binti yangu alivyo leo. Kaka yake baba yangu alilinda mpunga juu ya dungu. Kulala nje kulikuwa darasa letu, tena darasa la kwanza, na katika vizazi viwili tu tumelifunga na kumkabidhi mgeni ufunguo. Hela niliyolipa pale kambini, ambayo ni kidogo, ilikuwa ya kuwanunulia wanangu nafasi ambayo babu zao waliipata bure. Naona haki kuilipa. Nitailipa tena.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila mtu atapata usiku kama wetu. Aprili Tukuyu inanyesha kama haitakoma, hema la kukodi litakulowesha na njia za vumbi zitakuwa tope. Nenda kati ya Juni na Oktoba. Ukiweza, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua siku. Nenda na mzee, na kama huna wa kwako, ongea na wazee wa hapo, wanapenda kuulizwa. Chukua godoro jembamba la sponji maana ardhi ya kando ya ziwa inatoa unyevu usiku, na asubuhi ndani ya hema huwa kumelowa kwa pumzi zenu wenyewe. Na ukihesabu chochote dukani kabla ya kuondoka, hesabu vigingi.

Jumapili tuliamka na ukungu umelala juu ya maji, mzito, unafika magotini ukisimama ukingoni. Tulikunywa chai ya rangi na viazi vilivyofukiwa kwenye majivu. Watoto walizunguka ziwa na mlinzi wa kambi, wakarudi na matope hadi kiunoni na habari ya nyoka waliyemwona mkia tu.

Tulipokuwa tunakunja hema, Baba Mkubwa alizunguka na kung'oa vigingi. Vile vinne vya chuma alivifuta akavirudisha kwenye mfuko wa hema. Vile vinane vya mianzi alivikung'uta udongo kimoja kimoja, akavitazama ncha, kimoja kilichopasuka akakitupa kwenye makaa. Vilivyobaki akavifunga kwa ganda la mgomba. Binti yangu akamfungulia mfuko wa hema ili aviweke. Akatikisa kichwa, akaviingiza kwenye mfuko wake mwenyewe, pembeni ya panga.

"Hivi ni vyetu," alisema. "Nitachonga kingine kimoja nyumbani, vitimie."

Halafu akaniuliza Matema tunakwenda mwezi gani.